Mgeni wa Maji ya Chumvi

Ukipanda mlima kutoka Makanya kwenda Suji, bahari huiacha nyuma mara mbili. Huiacha kwa umbali, maana kutoka Tanga hadi Makanya ni zaidi ya kilomita 200, na Makanya yenyewe ni nyika ya mkonge na machimbo ya jasi, mahali ambapo vumbi ndilo wimbi pekee linalojulikana. Huiacha tena kwa fikra, kwa sababu huko juu maji ni kitu kingine kabisa. Ni ya baridi, ni matamu, hushuka kwa mifereji na kulala usiku ndani ya ndiva, yale mabwawa ya udongo na mawe ambayo Wapare wameyatunza tangu enzi za mababu, ili asubuhi yafunguliwe na kila mwenye shamba apate zamu yake. Mtoto aliyezaliwa Suji anajua kwamba maji yana wenyewe, yana zamu na yana ugomvi. Kwamba yanaweza pia kuwa na chumvi ni habari anayosimuliwa darasani.

Katika kijiji hicho mwalimu mmoja mstaafu aliagiza samaki wa baharini. Hakuagiza nguru wa kukaanga wala dagaa wakavu, ambao hupandishwa mlima huo ndani ya magunia bila mtu kushangaa. Aliagiza samaki watatu wadogo, kila mmoja urefu wa kidole, walio hai, na alitaka waendelee kuwa hai.

Mwalimu huyo alikuwa amefundisha biolojia kwa zaidi ya miaka 30. Kila mwaka alichora mwamba wa matumbawe ubaoni kwa chaki za rangi, kila mwaka akaufuta kengele ilipolia. Watoto wa mlimani waliyajibu maswali ya mtihani juu ya mwamba huo na kufaulu, kama mtu awezavyo kufaulu jiografia ya mwezi. Alipostaafu alibaki nyumbani na mkewe na mjukuu wa miaka tisa, na mjukuu huyo ndiye aliyemwuliza siku moja swali ambalo halimo katika mtaala wowote.

"Babu, samaki wa baharini anajuaje kwamba yuko baharini?"

Mwalimu alilitafuta jibu kwa siku mbili. Siku ya tatu alimpigia simu mwanafunzi wake wa zamani, ambaye alikuwa akifanya kazi ya uvuvi huko Tanga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nina agizo, lakini usinicheke."

Mwanafunzi hakucheka. Aliuliza tu kama Mwalimu anajua anachokiagiza. Mwalimu alijibu kwamba anajua, naye alikuwa anaamini hivyo.

Agizo la namna hiyo lina historia yake na lina sheria zake. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874 na wenye makao yake Bern, huruhusu viumbe wachache tu walio hai wapite katika barua za kimataifa: nyuki, ruba, viwavi wa hariri na wadudu wengine wa aina hiyo. Samaki hayumo katika orodha. Wapo samaki waliolikwepa katazo hilo kwa maumbile yao wenyewe, na mmoja wao ni mwenyeji wa Unguja. Wanasayansi humwita Nothobranchius guentheri. Ni samaki mdogo wa madimbwi ya mvua, ambaye hufa dimbwi linapokauka, lakini mayai yake hubaki hai ndani ya tope kavu yakiingoja mvua nyingine. Wapenzi wa samaki wa Ulaya na Marekani hutumiana mayai hayo katika vifuko vya mboji yenye unyevu kidogo, kama watu wanaotumiana mbegu za mchicha. Hakuna samaki aliyeumbwa kuwa barua kuliko huyo.

Samaki wa mwamba wa bahari hana subira ya namna hiyo. Hawezi kukaushwa, hawezi kusubiri msimu, wala hawezi kuachana na maji yake hata kwa robo saa. Anayemwagiza hulazimika kuagiza na bahari yake pamoja naye. Kwa hiyo husafiri kwa ndege, ndani ya mfuko wa plastiki uliotiwa theluthi moja ya maji na theluthi mbili za oksijeni, mfuko juu ya mfuko, ndani ya kasha linalozuia joto na baridi. Ndivyo wanavyoondoka samaki wa mapambo katika pwani ya Kenya, kuanzia Shimoni hadi Kilifi, ambako wazamiaji wamekuwa wakiwakamata kwa nyavu ndogo kwa miongo mingi. Ndivyo wanavyoondoka pia Indonesia, Ufilipino, Sri Lanka na Maldivi. Taarifa iliyotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2003 ilikadiria kwamba kati ya samaki milioni 20 na milioni 24 wa baharini, wa aina 1,471, walikuwa wakiuzwa kila mwaka kwa ajili ya matangi ya kioo. Wengi wao walikwenda Marekani, kwenye nyumba ambazo baadhi yake ziko mbali na bahari kuliko Suji.

Tanzania ya kawaida, hata hivyo, ina posta yake isiyo na stempu. Mtu akitaka kumpelekea ndugu yake kiatu, dawa au mbegu, huenda kituo cha basi, huandika jina na namba ya simu juu ya boksi, humlipa kondakta, kisha humpigia ndugu simu kumwambia namba ya gari. Kwa posta hiyo ndivyo samaki wa Mwalimu walivyopangiwa kusafiri, kupitia Segera, Korogwe, Mombo, Mkomazi na Hedaru hadi Makanya, na kutoka Makanya kupanda mlima kwa pikipiki.

Maandalizi yalichukua zaidi ya miezi miwili. Yalitangulia maji: madumu matatu ya lita 20 yaliyojazwa Tanga na kushushwa Makanya, ambako vijana wa bodaboda waliuliza kama ni mafuta ya taa. Mmoja alionja, akatema, akatangaza kwamba mzee anatapeliwa. Likafuata tangi la kioo lililoundwa na fundi wa madirisha, pampu ya hewa na hita, kwa maana Julai ya Upareni si mwezi wa kumwalika mtu wa pwani. Mwalimu alipima chumvi kwa haidromita ya zamani na kuliona tarakimu lililokuwa likisomeka katika vitabu vyake kwa miaka yote hiyo, 1.025, safari hii likielea mbele ya macho yake. Alijua kwamba maji yanapopungua kwa mvuke chumvi hubaki, kwa hiyo aliongeza maji ya mvua na si ya bahari. Alijua kwamba tangi jipya ni jangwa, na kwamba sharti bakteria wazaliane kwanza kwa wiki kadhaa ndipo waweze kuugeuza uchafu wa samaki usiwe sumu. Alisubiri wiki sita akilitazama tangi lisilo na kitu. Jirani walikuja kulitazama pamoja naye, wakaondoka kwa heshima.

Mkewe ndiye aliyesema waziwazi. Suji ni nchi ya Wasabato. Waadventista waliingia Upareni mwaka 1903, na tangu hapo watu wengi wa milima hiyo hupima chakula chao kwa Maandiko.

"Mwalimu, samaki hao wana mapezi na magamba?"

"Wanayo."

"Basi ni safi. Nisichokielewa ni kwamba ni safi na bado hawaliwi."

Samaki waliochaguliwa walikuwa wa rangi ya chungwa hafifu, kila mmoja akiwa na mstari mweupe mgongoni kutoka mdomoni hadi mkiani. Hukaa katika miamba ya pwani hii ndani ya kiumbe laini kinachofanana na ua, chenye minyiriri inayowasha, nao hawawashwi. Mwanafunzi wa Tanga aliwapata kwa kibali, aliwakamata kwa mikono yake na nyavu ya kitambaa, akawaweka usiku mmoja katika beseni. Mfuko aliujaza oksijeni kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Na kwa kuwa yeye ni mtu aliyelelewa vizuri, kabla ya kuufunga aliwapa chakula cha kushiba. Hakuna mtu wa pwani wala wa bara ambaye humwacha msafiri aondoke na njaa.

Ilikuwa Ijumaa. Basi lilipasuka gurudumu karibu na Mombo, likakaa. Lilipofika Makanya jua lilikuwa limekwisha kuinama, na pikipiki ilipoingia uwanjani kwa Mwalimu jua lilikuwa likigusa mlima, na Sabato ilikuwa mlangoni. Kasha lilifunguliwa mbele ya familia nzima. Mfuko ulitolewa, ukainuliwa kuelekea mwanga, na ndani yake samaki watatu walikuwa hai. Mjukuu hakupiga kelele. Aliweka kidole juu ya plastiki, na samaki mmoja akaja kukitazama.

Mwalimu alijua kwamba mgeni hatupwi ndani ya nyumba. Aliuelekeza mfuko juu ya maji ya tangi ili joto lilingane taratibu, na kwa kuwa wageni walikuwa wamefungiwa kwa karibu saa 24, aliwaonea huruma, akaufungua mdomo wa mfuko wavute hewa safi ya mlimani. Kisha akanawa mikono, akaungana na jamaa yake katika ibada ya kuifungua Sabato. Waliimba, wakasoma, wakaomba, na katika ombi lake Mwalimu aliwataja wageni. Waliporudi na taa, wawili walikuwa wamelala ubavu juu ya maji. Wa tatu alikuwa akizunguka kwa kasi kama mtu aliyepotelewa na kitu, kisha naye akatulia.

Usiku ule mkewe alisema neno moja tu, na hakulisema kwa ukali. Alisema kwamba ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato hutolewa, na kwamba yeye hakujua kama samaki naye ana kisima. Mjukuu aliuliza kama waliumwa na baridi. Mwalimu, ambaye kwa miaka 30 alikuwa hajakosa jibu mbele ya mtoto, alisema kwamba hajui.

Alilijua jibu baada ya wiki mbili, kwa kusoma vitabu vyake vya kemia alivyokuwa amevifungia sandukuni. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake kila wakati, na aliyeshiba huitoa zaidi. Katika mfuko uliofungwa pumzi yake hujaza hewa ya ukaa, na hewa hiyo huyafanya maji yaelekee uchachu. Uchachu huo ni rehema, kwa kuwa huifunga amonia katika sura isiyoweza kupenya kwa urahisi hadi kwenye damu. Hivyo samaki husafiri ndani ya uchafu wake mwenyewe akilindwa na pumzi yake mwenyewe. Mfuko ukifunguliwa, hewa ya ukaa hutoka upesi, uchachu hupungua, na amonia iliyokuwa imelala huamka ikiwa sumu. Wale watatu hawakuuawa na Mombo, wala na barabara ya mlima, wala na gurudumu. Waliivumilia safari yote. Waliuawa na shibe waliyopewa walipoaga na dirisha walilofunguliwa walipofika.

Mwalimu aliyasoma maelezo hayo mara kadhaa, kwa maana ndani yake kulikuwa na jambo lililomwuma kuliko hasara. Kama angekuwa mzembe, angejilaumu kwa uzembe na mambo yangekwisha. Lakini Tanga palikuwa na mtu mwema na Suji palikuwa na mtu mwema, na kila mmoja alitenda jambo ambalo mama yake angelisifu. Mmoja alimlisha msafiri. Mwingine alimfungulia mgeni mlango. Ukarimu wote ule ulikuwa wa binadamu kwa binadamu, nao ulipelekwa kwa kiumbe ambaye hakuna aliyemwuliza yeye hukaribishwaje. Wema haukupungua hata chembe, ila ulikosa kumjua mgeni, na wema usiomjua mgeni hauna tofauti kubwa na uadui, angalau kwa upande wa mgeni.

Wapare wenyewe wamepata kukaribisha na kukaribishwa kwa namna hiyo. Wamishonari walipofika na dini, shule na dawa, waliyaona mengi ya milimani kwa macho ya makwao, na wazee nao waliwapima wageni hao kwa vipimo vya milimani. Ilichukua muda hadi kila upande ukajua mwenzake hupumua nini. Mwalimu alikuwa amelifundisha hilo katika vipindi vya uraia. Hakutegemea kulirudia akiwa mbele ya tangi tupu.

Agizo la pili lilichelewa hadi Septemba, baridi ilipopungua. Safari hii yalikuwa ni mazungumzo marefu, na aliyekuwa mwanafunzi ndiye aliyeuliza maswali.

"Kwa hiyo nisiwape kitu, Mwalimu? Siku mbili nzima?"

"Siku mbili nzima. Waondoke na njaa."

"Mke wangu atasema nina roho mbaya."

"Mwambie ni agizo langu. Dhambi hiyo iandike kwangu."

Walikuwa wawili, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake. Waliondoka Jumapili alfajiri, tumbo tupu, na kabla ya jua kuchwa walikuwa Suji. Pazia lilishushwa chumbani ili mwanga usiwashtue. Mfuko ulielea juu ya tangi nusu saa ukiwa umefungwa vilevile, na mjukuu alikatazwa kuugusa. Kisha Mwalimu akaukata, akapima chumvi, akawachota samaki kwa kikombe na kuwahamisha mara moja, na maji yao ya safari akayamwaga nje. Hapakuwa na maneno ya kukaribisha. Ilikuwa kama kazi ya mganga anayefunga jeraha. Asubuhi yake samaki wawili walikuwa wakiogelea pembeni mwa jiwe, mkubwa mbele, mdogo nyuma.

Tangu siku hiyo nyumba ile ikawa na njia mpya uani. Watoto wa shule walipita wakitoka masomoni, wakasimama mlangoni kwa zamu. Bibi mmoja mzee, ambaye hajawahi kushuka chini ya Makanya, alikaa mbele ya kioo saa nzima na kuondoka akisema kwamba sasa anajua Mungu alikuwa akifanya nini siku ya tano. Mwalimu alieleza mambo aliyokuwa akiyaeleza siku zote, lakini aligundua kwamba anayaeleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumzia watu waliopo.

Mvua za vuli zilikuja na umeme ukakatika. Saa ya kwanza hakuna aliyejali. Saa ya tatu samaki walikuwa wakivuta pumzi juu juu, kwa sababu pampu ya hewa ilikuwa imekufa pamoja na hita. Mwalimu alichukua jagi, akachota maji ya tangi na kuyamimina tena kutoka juu, ili yaingie yakiwa yamechanganyika na hewa. Akachota tena, akamimina tena. Mkewe alichemsha maji kwa kuni, akayatia katika chupa na kuzielea chupa ndani ya tangi zipeleke joto. Usiku ulipokuwa mrefu waligawana zamu: babu, bibi, mjukuu, kisha babu. Mkewe, akiwa na jagi mkononi saa tisa za usiku, alisema kwamba ameolewa katika ukoo wenye ndiva kubwa, na sasa amepewa ndiva ya vidole viwili.

Kazi hiyo ya jagi ni ya zamani kuliko umeme. Mwaka 1846 mwanamke Mwingereza aitwaye Anna Thynne alichukua matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay na kuyapeleka nyumbani kwake London, mjini kati, mbali na bahari. Aliyaweka katika maji ya chumvi, na ili maji yasife aliagiza yamiminwe kila siku kutoka chombo hiki hadi kile, mbele ya dirisha lililo wazi. Aliyemimina ni mtumishi wake wa nyumbani. Miaka michache baadaye, mwaka 1853, bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la samaki, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse alitoa kitabu kilichowatia Waingereza wengi hamu ya kufuga bahari sebuleni. Jina la Anna Thynne limehifadhiwa. Mkono wa mtumishi, uliofanya kazi ya mawimbi siku baada ya siku, unatajwa kwa kupita tu. Hata leo tangi linalong'aa katika chumba cha mapokezi cha hoteli huwa na mikono ya namna hiyo nyuma yake: aliyezamia, aliyefunga mfuko, aliyebeba kasha, aliyeamka usiku. Tofauti ya Suji ilikuwa kwamba wenye tangi na wenye jagi walikuwa watu walewale.

Umeme ulirudi siku ya pili jioni. Asubuhi iliyofuata samaki mkubwa alikutwa amelala chini, karibu na jiwe. Mdogo alikuwa akizunguka juu yake.

Hapo ndipo Mwalimu alipomweleza mjukuu jambo la ajabu la samaki hao. Wote huanza wakiwa madume. Katika kila kundi mkubwa kuliko wote ndiye jike, na akifa, dume aliyekuwa akimfuata hugeuka kuwa jike na kushika nafasi yake. Aliyebaki, kwa hiyo, alikuwa ameanza safari ya kuwa mama wa nyumba isiyo na mtu. Mtoto alilifikiria hilo, akatoa uamuzi.

"Basi tumwagizie mume."

Lilikuwa neno jepesi, na kwa fedha lisingekuwa zito sana. Wafanyabiashara wa samaki wa mapambo wana utaratibu wake: mnunuzi akipokea samaki aliyekufa humpiga picha ndani ya saa chache, huituma, na hupewa badala yake au hurudishiwa fedha. Utaratibu huo ni wa haki kwa mnunuzi. Lakini katika neno "badala" kuna jambo linalopotea. Samaki wa kwanza haandikwi popote isipokuwa kama hitilafu ya mzigo, na gharama ya vifo huwa imekwisha kutiwa ndani ya bei kabla hata wavu haujaguswa na maji. Mwalimu hakuwa na mkataba na mtu. Hakuwa na mahali pa kupeleka picha. Alihesabu tu: wanne wamekufa ili mmoja aishi Suji, na huyo mmoja hawezi hata kurudishwa, kwa kuwa samaki aliyefugwa akirejeshwa mwambani anaweza kuwapelekea wenzake maradhi asiyoonekana nayo. Njia ya kuja ilikuwapo. Njia ya kurudi haikuwapo, na aliyeagiza hakulifikiria hilo siku ya kupiga simu.

Hakuagiza tena. Alimwambia mjukuu kwamba huyo mmoja watamtunza hadi mwisho wake, na kwamba deni la wanne halilipwi kwa wa tano. Mtoto alinuna siku nzima. Bibi yake, ambaye tangu mwanzo alikuwa upande wa samaki wa kuliwa, ndiye aliyemtetea aliyebaki: alianza kumsalimu asubuhi akienda kufungua banda la kuku.

Desemba, shule zilipofungwa, babu na mjukuu walishuka hadi Makanya wakiwa na madumu mawili matupu. Maji ya tangi yalihitaji kubadilishwa kwa sehemu, na Mwalimu angeweza kuyaagiza kama mara ya kwanza. Aliona heri ayafuate. Nauli ya watu wawili haikuzidi gharama ya samaki, pikipiki na oksijeni. Mkewe aliachiwa jagi na maelekezo, ambayo alisema anayajua kuliko aliyeyatoa.

Mwanafunzi wa zamani aliwapokea stendi ya Tanga. Alitoa shikamoo, akamchukua mtoto begani, na hakutaja samaki. Asubuhi waliwapeleka madumu yao Raskazone wakati maji yakijaa. Mtoto alisimama mchangani kwa muda bila kuongea, akiitazama Toten na mashua zilizokuwa zikipita mbele yake. Hakukimbilia maji. Alitembea hadi yalipomgusa vifundo vya miguu, akainama, akachovya kidole na kukitia mdomoni, kama alivyowahi kuchovya kwa siri katika tangi la chumbani.

"Babu," alisema, "ni yaleyale ya kwetu."

Mwalimu alikuwa ameinama kujaza dumu la kwanza. Alisubiri lijae, akalifunga, akalipima uzito kwa mkono, kisha akamwuliza mtoto kama sasa anaweza kulijibu lile swali lake. Mtoto alisema bado. Wakaliweka dumu kivulini na kuanza kulijaza la pili.